Mti wa Miaka Arobaini, Sera ya Misimu Mitatu

Mkorosho hauna haraka. Ukipanda leo, utasubiri miaka mitatu hivi ndipo uone mavuno ya kwanza, tena ya kuonja tu, na itapita mingine kadhaa kabla mti haujafikia nguvu zake. Lakini ukishafika, umefika. Utakulisha wewe, utamlisha mwanao, na mjukuu atakuja kuokota chini yake korosho ambazo hakuzitolea jasho la kupanda. Kwa hiyo mtu anayechimba shimo na kufukia mbegu ya korosho ana imani fulani kuhusu kesho, hata kama hajaitamka. Anaamini kwamba miaka ishirini au thelathini ijayo atakuwepo mnunuzi, na hela atakayopewa itanunua kitu.

Sasa liweke pembeni ya mti huo tamko la serikali. Anakuja waziri mpya na mwongozo mpya. Msimu unaofuata mwongozo unarekebishwa, na baada ya misimu mitatu unafutwa, unakuja mwingine wenye jina tamu zaidi. Mkorosho bado uko palepale, haujui lolote. Anayejua ni mwenye shamba, na yeye anaweka kumbukumbu.

Katika makala hii nataka tuivuke historia ya zao hili kwenye kingo zote mbili za mto Ruvuma: upande wa Tanzania, hasa Mtwara na Lindi, na upande wa Msumbiji. Nimelichagua kwa sababu linatupa jambo ambalo si rahisi kulipata katika mijadala ya uchumi, yaani majirani wawili, mti uleule, karibu umaskini uleule, na dawa mbili zinazopingana kabisa. Tanzania ya miaka ya 1970 iliambiwa dola ndiyo itakayomkomboa mkulima. Msumbiji ya miaka ya 1990 iliambiwa soko ndilo litakalomkomboa. Wote wawili walijikuta na viwanda vilivyofungwa na mikorosho isiyopaliliwa. Ukimuuliza mtu wa mrengo mmoja atakwambia kosa ni serikali kuingilia biashara, na wa mrengo mwingine atakwambia kosa ni Benki ya Dunia. Kila mmoja ana hoja. Ninachoona mimi ni kwamba wote wanabishana juu ya nani aweke bei, na hakuna anayeuliza kama aliyeambiwa bei hiyo ana sababu yoyote ya kuiamini.

Mgeni aliyegeuka mwenyeji

Mkorosho si mti wetu wa asili. Kwao ni kaskazini-mashariki mwa Brazil. Wareno ndio walioubeba katika karne ya 16, wakaufikisha Goa kule India na pwani ya Afrika Mashariki. Wenyeji wa Brazil waliuita acaju, Wareno wakasema caju, na ukilisikiliza vizuri neno kanju ambalo baadhi ya watu wa pwani bado wanalo, utamsikia Mreno humo ndani. Baada ya hapo Kiswahili kikaendelea chenyewe. Tunda laini likaitwa bibo, korosho changa ikaitwa dunge, pombe ya mabibo ikaitwa uraka, na kazi ya kupasua ganda ili kutoa kiini ikapata kitenzi chake: kubangua. Lugha haigawi majina mengi namna hiyo kwa kitu kinachopita njia.

Hicho kitenzi cha kubangua tukishike, maana ndani yake ndimo ulimo ugomvi wote. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Huwezi kulipasua kama karanga. Lazima korosho ikaangwe au ipigwe mvuke kwanza, kisha ipasuliwe kwa uangalifu kiini kitoke kizima, kwa sababu kiini kizima kina bei na kilichovunjika kinauzwa kwa hasara. Na katika kilo moja ya korosho ghafi unapata gramu 200 hadi 250 hivi za kiini. Kwa hiyo ukisafirisha korosho ghafi kwenda ng'ambo, sehemu kubwa ya mzigo uliopakia melini ni maganda.

Waliogundua mapema kwamba hapo kuna biashara ni wafanyabiashara wa Kollam, katika jimbo la Kerala kusini mwa India. Tangu miaka ya 1920 walijenga ubanguaji wa mikono, uliofanywa na wanawake wengi kwa ujira mdogo, na kiini kikaenda kuuzwa Marekani. Mikorosho yao haikuwatosha, wakageukia ya kwetu. Ndivyo ulivyowekwa mpangilio ambao mpaka leo hatujautikisa sawasawa: mti uko Afrika, mikono iko Asia, na mlaji yuko Ulaya na Marekani.

Karanga za serikali, korosho za wananchi

Kuna kichekesho kimoja cha historia ya Kusini ambacho vitabu vya shule hukipita haraka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga hapa Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Yaliletwa matrekta, wakaletwa wataalamu, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kuelekea bara. Zilitumika zaidi ya pauni milioni 30. Mwaka 1951 mpango ukazikwa, karanga zilizovunwa hazikufikia hata zile zilizotarajiwa kwa mbali, na reli yenyewe baadaye iling'olewa.

Wakati hayo yakiendelea, wakulima wa uwanda wa Makonde, kuanzia Newala kushuka mpaka Masasi na Mtwara, walikuwa wanapanda mikorosho. Hawakuwa na mpango wenye jina. Walikuwa wanaona kwamba mti huu unavumilia mchanga na kiangazi, kwamba chini yake ukiwa mdogo unaweza kulima mihogo na kunde, na kwamba kuna Mhindi mwenye duka anayenunua. Kutoka ng'ambo ya Ruvuma walikuja Wamakonde wa Msumbiji wakikimbia kazi za shuruti za Wareno, nao wakafanya vibarua na kupanda yao. Baada ya uhuru, kasi ikaongezeka. Kufika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikuwa inavuna tani 145,000 hivi, na karibu zote zilitoka kwa wakulima wadogo, kila mmoja na miti yake.

Nasisitiza hilo kwa sababu tumezoea kusimuliwa maendeleo kama kitu kinacholetwa na gari la serikali au la mfadhili. Hapa halikuletwa na yeyote kati yao. Lilitokana na familia nyingi zilizofanya hesabu kichwani na kuamua kwamba kesho inaaminika.

Miaka kumi na mitatu ya kushuka

Halafu likaja anguko. Msimu wa 1986/87 Tanzania ilivuna chini ya tani 20,000. Kutoka 145,000 mpaka chini ya 20,000 kwa muda wa miaka kumi na mitatu, na miti yenyewe haikukatwa. Ilikuwepo imesimama, imezungukwa na vichaka.

Nini kilitokea? Hakuna sababu moja. La kwanza ni vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia. Kusini zoezi lilikuwa limetangulia kidogo kwa sababu ya vita vya ukombozi vya Msumbiji vilivyokuwa jirani. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji vifike kwa watu waliokaa pamoja. Lakini mkorosho hauhami. Mtu aliyezoea kuamka na kujikuta shambani sasa alitembea kilomita kadhaa kuifikia miti yake, na shamba la mbali, kama wajuavyo wakulima, ni shamba la nguruwe na moto. Palizi ikakoma, na korosho zikaokotwa na wapita njia au zikaungua.

La pili ni bei. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mnunuzi akabaki mmoja, mamlaka ya serikali iliyoitwa CATA. Bei ilitangazwa kutoka juu. Gharama za mamlaka zikikua, zilikatwa kwenye fungu la mkulima, na shilingi ilikuwa imepewa thamani kubwa kuliko nguvu zake, kwa hiyo dola iliyotoka Kollam ilimfikia mwenye mti imekonda. Na hata hicho kidogo, baada ya vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, ukienda nacho dukani hukuti sabuni, sukari wala khanga. Sasa uniambie, mtu apalilie ili apate noti zisizonunua kitu?

La tatu ni ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua, ulioingia kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1970. Dawa yake, salfa ya unga, ilijulikana. Lakini dawa inataka fedha na inataka mtu anayeona faida ya kuinunua, na vyote viwili vilikuwa vimeondoka.

Katikati ya anguko hilo ndipo Tanzania ilipojenga viwanda. Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri: tubangue wenyewe. Serikali ilikopa, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wakopeshaji, na vikajengwa viwanda mpaka vikafika kumi na viwili, kwa mitambo ya Kiitaliano na Kijapani, vyenye uwezo wa kubangua kwa jumla zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilipokamilika, korosho za kuvilisha hazikuwepo. Vingine havikuwahi kufanya kazi kabisa. Taifa likabaki na deni la viwanda vyenye kiu, huku mwenye mti akiwa ameshaondoka zamani katika hesabu yao.

Ng'ambo ya Ruvuma

Hebu tuvuke mto. Msumbiji mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa inaongoza duniani, ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa msimu. Tena ilikuwa na kitu ambacho Tanzania haikuwa nacho: viwanda vilivyokuwa vinabangua kweli, na vilivyoajiri maelfu, wengi wao wanawake. Baada ya uhuru wa 1975 Wareno wengi waliondoka, pamoja na wenye maduka ya vijijini waliokuwa wakinunua korosho na kuuza nguo na chumvi. Serikali ya FRELIMO ikapiga marufuku kuuza korosho ghafi nje ili viwanda vipate malighafi. Ikafuata vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyodumu mpaka 1992. Kufika hapo, uzalishaji ulikuwa umeshuka mpaka sehemu ndogo tu ya ule wa zamani.

Amani iliporudi, viwanda vikauzwa kwa watu binafsi. Wanunuzi walivinunua wakiamini vitaendelea kulindwa dhidi ya Wahindi wanaotaka korosho ghafi. Hawakukaa sana. Benki ya Dunia, ambayo wakati huo Msumbiji haikuwa na ubavu wa kuikatalia, iliweka sharti: ushuru wa kuuza korosho ghafi nje upunguzwe hatua kwa hatua. Mwaka 1995 ushuru huo ukashushwa mpaka asilimia 20, kisha 14. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka. Ukimzuia mkulima kuuza kwa Mhindi anayelipa vizuri, unamlazimisha auze kwa kiwanda cha nyumbani kinacholipa kidogo, na mkulima ndiye maskini zaidi katika mnyororo mzima. Kwa hiyo ulinzi wa kiwanda ni kodi anayotozwa maskini.

Hoja hiyo si ya kudharau. Mwaka 2000 Paul Krugman, mchumi ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, aliitetea kwenye gazeti la New York Times, akiwashangaa wanaharakati waliokuwa wanaililia Msumbiji. Na kweli, waliokuwa na mikorosho walikuwa wengi mno kuliko waliokuwa viwandani.

Lakini mambo shambani hayakwenda kama kwenye karatasi. Mpaka mwaka 2001 viwanda vingi vikubwa vilikuwa vimefungwa na maelfu ya wafanyakazi wamerudi nyumbani. Vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele, wenye viwanda nao, na mwanahabari Carlos Cardoso aliyekuwa na gazeti lake dogo la Metical alililia suala hilo kwa miaka. (Cardoso aliuawa kwa risasi mjini Maputo Novemba 2000 wakati akifuatilia wizi mkubwa wa benki. Hilo ni jambo jingine, lakini sisi wa kazi hii hatuwezi kulitaja jina lake tukaendelea kama hakuna kitu.) James Wolfensohn, rais wa Benki ya Dunia, alipotembelea Maputo mwaka 1997 aliahidi sera hiyo itaangaliwa upya. Mwaka 1999 bunge la Msumbiji likaupandisha tena ushuru, kati ya asilimia 18 na 22.

Dola tano na senti thelathini

Baadaye wachumi watatu, Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch, waliketi wakapiga hesabu za kile mkulima wa Msumbiji alichopata kutokana na ulegezaji huo. Jibu lao lilikuwa dola 5.30 kwa kaya ya kawaida ya wakulima wa korosho. Si kwa mwezi, ni kwa mwaka. Na faida hiyo ndogo, walipoilinganisha na hasara ya waliokosa kazi viwandani, waliona karibu vinafutana.

Kwa nini ilikuwa ndogo hivyo? Sehemu kubwa ya nyongeza ya bei ilibaki kwa wafanyabiashara wa kati na wasafirishaji, kwa sababu soko la kijijini halikuwa huru kama lilivyochorwa. Mnunuzi alikuwa mmoja au wawili, barabara mbovu, na mwenye korosho alikuwa na njaa. Lakini wachumi hao walitaja jambo jingine ambalo kwangu ndilo kiini, na limekaa kwenye ganda gumu: hakuna aliyeamini kwamba sera itadumu. Mwenye kiwanda hakuwekeza kuboresha mitambo kwa sababu hakujua kesho atalindwa au ataachwa. Mkulima hakupanda miti mipya kwa sababu bei ya msimu huu si bei ya mti. Bei ya mti ni bei ya miaka ishirini ijayo, na hiyo hakuna aliyemwahidi akaaminika.

Angalia sasa tulipofika. Benki ileile iliyokopesha Tanzania fedha za kujenga viwanda vya kubangua miaka ya 1970, miaka ishirini baadaye iliiambia Msumbiji iviache viwanda vyake vipambane vyenyewe. Mwenye mkorosho aliyepanda mwaka 1970 na kuishi mpaka 1995 angeweza kuyasikia mafundisho yote mawili, yote kwa sauti ya uhakika uleule, chini ya mti uleule.

Msamiati wa misimu yetu

Turudi kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa tena kununua korosho Kusini, utafiti wa kituo cha Naliendele ukaleta mbegu bora na matumizi sahihi ya salfa, na mwisho wa muongo uzalishaji ukapita tena tani 100,000. Miti iliyodhaniwa imekufa ilikuwa imelala tu. Lakini viwanda havikuamka. Korosho zikaenda India zikiwa na maganda yake.

Na yakazaliwa maneno. Ukitaka kuijua historia ya uchumi wa Kusini bila kufungua takwimu, fuata maneno. Kangomba, kwa mfano. Ni biashara ya mtu anayekuja kabla ya mavuno, au yanapoanza tu, ananunua kwa kipimo chake mwenyewe na kwa bei ya kutupa. Kila kiongozi anayekwenda Mtwara huilaani. Lakini korosho huvunwa kuanzia karibu Oktoba, na mahitaji ya nyumba hayangoji Oktoba. Ada, msiba, mgonjwa, chakula cha miezi ya njaa, vyote vinakuja kwa ratiba yao. Kangomba ni mkopo, na tofauti kati ya bei yake na bei ya mnadani ni riba ambayo haikuandikwa popote. Anayeuza kwa kangomba anajua fika anaibiwa. Anachonunua ni muda.

Mwaka 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinakusanywa ghalani, anapewa stakabadhi, zinauzwa kwa mnada, naye analipwa. Kimawazo ni mfumo mzuri, kwa sababu unamwondoa mnunuzi aliyekuwa anamkuta mwenye mzigo peke yake nyumbani kwake. Shida ilikuwa malipo kuja kwa awamu na kwa kuchelewa, na makato marefu njiani. Aprili 2013 huko Liwale wakulima walipoambiwa malipo ya pili ni pungufu ya waliyoyatarajia, ghasia zilizuka na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Na kila malipo yanapochelewa, mwenye kangomba anapata wateja wapya. Mfumo uliokusudiwa kumuua ukawa unamlisha.

Halafu ikaja misimu mizuri. Mwaka 2017/18 salfa iligawiwa bure, mvua haikusumbua, uzalishaji ukapita tani 300,000 na bei mnadani ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga nyumba za bati. Lakini Juni 2018 wabunge wa Kusini walijikuta wakipigana bungeni kuhusu ushuru wa mauzo ya nje ya korosho. Kisheria asilimia 65 ya ushuru huo ilitakiwa kurudi kuendeleza zao, na sasa zote zikaelekezwa mfuko mkuu wa serikali. Wakashindwa. Msimu ulipofunguliwa Oktoba bei ya dunia ilikuwa imeshuka, wakulima wakazigomea bei za mnadani. Novemba, Rais Magufuli akawaondoa mawaziri wawili, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaenda kuzibeba.

Siku ile ya tangazo wengi Kusini walishangilia, na sioni sababu ya kuwacheka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu mkubwa alisema hadharani kwamba bei ya mkulima ni jambo la taifa. Lakini tangazo si malipo. Kukafuata neno jingine: uhakiki. Aliyepeleka zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa athibitishe kwamba ana shamba la kutoa mzigo huo, asije akawa mtu wa kangomba. Wengine walilipwa mapema, wengine wakasubiri miezi, na waliokuwa wakidaiwa na vibarua wa kuokota wakawa wanakwepana nao njiani. Mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya ulitangazwa kwa shangwe na ukafa. Misimu iliyofuata uzalishaji ulirudi kwenye tani 200,000 na kidogo.

Nani ana deni

Sasa mtu anaweza kusema: basi jibu ni lipi, serikali au soko? Ukiniuliza hivyo unanirudisha kwenye ugomvi uleule wa Maputo. Soko la miaka ya 1990 liliamsha miti ya Mtwara, hilo halina ubishi. Na huko Msumbiji, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vilipoanza kuota viwanda vidogo vya vijijini katika jimbo la Nampula, vya mvuke na mikono badala ya mitambo mikubwa, ushuru ule wa asilimia 18 uliobaki kwenye korosho ghafi ulivisaidia kupata malighafi. Hapo ulinzi ulifanya kazi. Tofauti ni kwamba safari hii sheria ilikaa miaka ya kutosha mtu kupiga hesabu, na kiwanda kilijengwa kulingana na korosho zilizopo badala ya kujengwa kulingana na mkopo uliopo.

Hicho ndicho ninachokitoa katika historia hii. Umaskini wa mwenye mkorosho hautokani tu na bei ndogo. Unatokana na bei isiyotabirika, malipo yasiyojulikana siku, salfa inayogawiwa bure mwaka huu na kuadimika mwaka ujao, na ushuru unaobadilishwa kwa mjadala wa wiki moja. Tajiri anaweza kuishi na mambo hayo. Ana akiba, anasubiri. Maskini hana cha kusubiria, kwa hiyo anauza mapema, anapalilia kidogo, na hapandi mti mpya. Halafu tunamwandikia ripoti kwamba hana elimu ya ujasiriamali.

Tangu mwaka 2024 mnada wa korosho umehamia kwenye mfumo wa mtandao wa Soko la Bidhaa, uzalishaji umepanda tena, na Mtwara kuna mipango mipya ya viwanda vya kubangua huko Maranje. Natamani yote yafanikiwe. Lakini nitakachoangalia si siku ya uzinduzi. Nitaangalia kama mkulima atalipwa ndani ya siku alizoahidiwa, na kama msimu wa tano utakuta kanuni zilezile za msimu wa kwanza.

Maana mwaka huu pia, baada ya mvua za kwanza, kuna watu Newala na Tandahimba watakaochimba mashimo. Miti hiyo itakuwa katika nguvu zake miaka ya 2040, na mingi itakuwa bado inazaa miaka ya 2060. Viongozi wote tunaowajua leo watakuwa wamestaafu au wamelala. Anayepanda ameshatoa sehemu yake ya mkataba, ameifukia ardhini. Upande wa pili wa mkataba huo bado unadaiwa.